Binti yangu aliniambia atakaa nami, kumbe na mama yake alimwambia hivyo hivyo

Habari za kazi, Mshauri.

Safu hii naisoma siku nyingi ila sikuwahi kudhani ipo siku nitaiandikia. Jina langu naomba lisitoke. Nina miaka 42, mke wangu ana 37. Ndoa yetu ina miaka 13 na tuna watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 5. Mwezi wa tatu tulikubaliana kuachana. Nasema tulikubaliana, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyesema, mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ndiyo. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna mtu wa pembeni ninayemjua. Tulichokana tu. Miaka miwili ya mwisho mazungumzo yetu yalikuwa ada, umeme na dawa, basi.

Talaka yenyewe nimeshaimeza. Watoto ndio siwezi. Bado tuko nyumba moja, yeye analala chumbani, mimi sebuleni. Amepata kazi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, na anatakiwa kuripoti mwanzo wa mwaka. Anataka kwenda na watoto wote wawili. Anasema mimi nitawaona likizo.

Sitaki kujipamba. Binti yetu alipozaliwa kazi yangu ilikuwa ya kusafiri, narudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili. Mama yake ndiye aliyemlea. Lakini miaka minne iliyopita nilibadilisha kazi makusudi, na tangu hapo mimi ndiye ninayewaamsha, ninayewapeleka shule, ninayekaa na mdogo kliniki. Ana pumu. Usiku kifua kikimbana, mimi ndiye ninayejua inhela iko wapi na namna ya kumshikia kile kikopo cha plastiki cha kuvutia dawa asiogope. Mama yake siku hizi anaingia nyumbani saa mbili usiku.

Sasa lililonifanya niandike. Jioni moja nilikuwa namsaidia binti hesabu. Akaweka penseli chini, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mkiachana mimi nitakaa na wewe." Sikumuuliza, naapa. Nilimkumbatia, na usiku ule nililala kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kesho yake nikampigia wakili. Akaniambia mtoto wa umri huo hakimu anaweza kumsikiliza na hilo linatusaidia sana, nisihame nyumba, na nianze kuweka kumbukumbu za kila kitu. Nikanunua daftari. Tangu hapo naandika: leo kachelewa kurudi mpaka saa ngapi, leo kamfokea nani, leo kasahau kikao cha wazazi.

Wiki mbili baadaye dada yangu, ambaye anaelewana sana na mke wangu, akaniambia bila kujua ananichoma: "Wifi anasema binti kamwambia, mama usilie, mimi nitaenda na wewe."

Nimekasirika, nimeona aibu, hata sijui. Mtoto wangu ananidanganya? Au mama yake ndiye aliyemtia maneno mdomoni?

Kaka yangu anasema mahakama humpa mama siku zote, kwa hiyo watoto wakija likizo kwa bibi yao nisiwarudishe, sheria inikute tayari ninao. Mama yangu anasema tugawane, binti aende na mama yake, mvulana abaki nami. Wakili anataka binti aongee na hakimu. Mke wangu anataka tukae na msuluhishi, nami naogopa ni njia ya kunilainisha nisaini.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, methali hiyo naijua. Lakini tembo akikubali kulala chini, si ndiye anayekosa watoto? Naogopa kuwa baba wa likizo, yule anayefika na zawadi mkononi wala hajui mtoto amebadilisha namba ya kiatu. Nifanyeje?

Baba Wawili

*

Kaka yangu Baba Wawili,

Ndoa yenu inakwisha bila kishindo, mke wako ana safari yenye tarehe, na katikati iko sentensi moja ya binti yako ambayo umeibebesha mzigo wote uliobaki. Hapo kwenye sentensi ndipo nitakapoanzia, na huenda nikakaa hapo muda mrefu kuliko ungependa.

Unauliza kama mtoto anakudanganya. Jikumbushe jioni ile ya hesabu: uso wako ulikuwaje kabla hajaweka penseli chini? Mama yake naye, kwa maneno ya dada yako, aliambiwa "usilie", maana yake alikuwa analia. Binti anaamka asubuhi anakuta shuka za baba zimekunjwa kwenye kochi. Hawezi kuzuia talaka, hana fedha ya kuwapa, hana hata mtu wa kumweleza. Alichonacho ni yeye mwenyewe, basi akampelekea kila mzazi kwa zamu. Mimi huo siuiti uongo. Alipokuambia alimaanisha, na alipomwambia mama yake alimaanisha vilevile. Sisi watu wazima hufanya hivyo msibani, kila mfiwa tunamwambia "niko nawe", na hakuna anayetudai hesabu ya usiku huo tutalala kwa nani.

Kwa hiyo dhana kwamba ametiwa maneno mdomoni ningeiweka pembeni kwanza. Inawezekana, sikatai. Lakini kama mama yake angekuwa amemfundisha, wewe je, nani alimfundisha ya kwako?

Wakili wako hajakudanganya kuhusu hakimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyasema katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Yapewe uzito, haikuandikwa yaamue. Mahakimu wengi hutaka pia kujua neno limepatikanaje: mtoto aliulizwa na nani, wapi, na baada ya kuulizwa alifurahiwa au alinuniwa. Mahali pengine hakimu huongea naye ofisini bila wazazi, kwingine afisa wa ustawi wa jamii huongea naye akaandika taarifa. Sasa mweke binti yako kwenye kiti hicho. Ana ahadi mbili, na akifungua mdomo moja lazima ivunjike. Hata kama itakayovunjika si yako, atatoka humo akiamini kwamba yeye, na miaka yake 11, ndiye aliyemwacha mama.

Upande wa pili nao upo. Wako watoto waliokaa kimya nyumba nzima ikigombana, na siku walipopata mtu mzima asiye baba wala mama wa kuwasikiliza, wakashusha pumzi. Kumfungia mlango kabisa kwa jina la kumlinda nako kuna gharama yake. Tofauti kubwa iko kwenye swali. "Unamtaka nani?" ni swali la kumchana mtoto vipande. "Kitu gani usingependa kibadilike?" anaweza kulijibu, na jibu lake huenda likawashangaza nyote wawili: pengine ni rafiki, pengine mwalimu, pengine ni kulala chumba kimoja na mdogo wake. Kabla hujakubaliana na wakili, muulize kwenu mtoto husikilizwa vipi, na kama wewe ndiye unayelazimika kuomba asikilizwe.

Kaka yako anasema mahakama humpa mama siku zote. Zamani ilikuwa kinyume. Uingereza, kwa mfano, mtoto wa ndoa alihesabiwa kuwa wa baba, na ilikuwa hadi sheria ya mwaka 1839, ambayo Caroline Norton aliipigania baada ya mumewe kumzuia watoto wake, ndipo mama aliporuhusiwa kuomba mahakamani akabidhiwe watoto wa chini ya miaka 7. Baadaye mizani ikalalia upande wa mama, hasa kwa watoto wadogo. Leo Mkataba ule wa 1989 unataka maslahi ya mtoto yawe jambo la msingi, na ibara ya 18 inasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea. Vitendo haviko sawa kila nchi, na bado wako mahakimu ambao mtoto wa miaka 5 moja kwa moja wanamwona na mama yake. Lakini wengi siku hizi huangalia nani amekuwa akimwamsha na kumpeleka kliniki, mabadiliko mangapi yatamwangukia mtoto kwa mpigo, ndugu watabaki pamoja au la, na mzazi gani atamwachia mtoto nafasi ya kumpenda yule mwingine. Hilo la kwanza linakusaidia. Hilo la mwisho linanirudisha kwenye daftari lako.

Kuna kumbukumbu na kuna mashtaka. Tarehe za kliniki, stakabadhi za ada, nani alimchukua mtoto shuleni siku gani: hizo ni kumbukumbu, ziweke, zinaweza kukufaa mahakamani au kwa msuluhishi. "Leo kamfokea nani" ni kitu kingine. Mke wako naye akinunua la kwake, ataandika nini? Kwamba miaka 7 ya kwanza ya binti yenu ulikuwa unakuja kama mgeni? Na lingine dogo: mnaishi nyumba moja, wewe unalala sebuleni, na una binti anayejua kusoma. Hilo daftari unaliweka wapi?

Ushauri wa kutowarudisha watoto baada ya likizo nitausema waziwazi kuliko mengine, maana una tarehe. Mahakama mara nyingi humtazama kwa jicho baya mzazi aliyejichukulia watoto, na unaweza kupoteza pale pale ulipokuwa na nguvu, kwenye sifa ya kuwa mzazi wa kutegemewa. Kama kuna amri ya mahakama na ukaivunja, jambo linabadilika kabisa. Wanaovuka mpaka wa nchi na watoto bila ridhaa hukutana na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, ambao nchi zilizojiunga nao hutakiwa kumrudisha mtoto haraka alikokuwa akiishi. Weka sheria kando, mfikirie binti. Alikuambia atakaa nawe. Ukiwazuia, ataona ni neno lake ndilo lililomfungia mama yake mlango. Mpigie wakili wako leo umuulize hilo hilo, usikie atakavyojibu.

La mama yetu la kugawana, naliheshimu, linatoka kwa mtu anayetaka kila mmoja apate. Kuna familia limefaa, hasa watoto wakiwa wamepishana sana umri au wenyewe wakiomba. Ila mvulana wako huyu ana miaka 5, na kati ya vyote vinavyoondoka, dada yake ndiye kipande cha nyumbani kinachoweza kusafiri naye.

Sasa msuluhishi. Umedhani ni mtego. Huenda. Lakini msuluhishi si hakimu, hana uwezo wa kukulazimisha kusaini, na rasimu yoyote unaweza kuondoka nayo ukampelekea wakili kabla kalamu haijagusa karatasi. Kuna mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia, Robert Emery, aliyefuatilia familia zilizokuwa zikienda mahakamani kugombania watoto. Nyingine zilipangiwa usuluhishi kwa bahati nasibu, nyingine zikaendelea na kesi. Miaka 12 baadaye, wazazi wasioishi na watoto waliopitia usuluhishi walikuwa wakionana na watoto wao zaidi kuliko wale wa kesi. Hofu yako ni kuwa baba wa likizo, ndiyo maana nimekutajia. Usuluhishi haufai pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, kuna kipigo, au mali inafichwa. Wewe umesema hakuna. Jiulize kama mke wako angeandika barua hii, naye angesema hivyo.

Na kuna jambo ambalo sikulikuta popote kwenye barua yako: siku uliyomwambia mke wako unachokitaka. Umemwambia wakili, dada, kaka, mama, na sasa mimi. Yeye anajua ulinyamaza. Mwezi wa tatu kunyamaza kwako kulikujibia talaka. Inawezekana kabisa kwamba na huu mpango wa likizo ni hivyo hivyo, ameuweka mezani kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Mezani kunaweza kuwekwa mingi. Watoto waende naye, wewe upate likizo ndefu, wikiendi moja ya katikati ya muhula, na simu za kila siku zisizoombwa ruhusa. Hatari yake ni kwamba kwa mtoto wa miaka 5 miezi mitatu ni mirefu kama mwaka, na simu humchosha mapema. Au wabaki nawe mwaka wa kwanza, mama yao akijipanga na kazi mpya na nyumba. Hapo mtoto asiyemwona mama yake ni yuleyule wa miaka 5, na lile la "mwaka mmoja tu" lisipoandikwa vizuri huzaa kesi mpya. Au wamalize mwaka wa shule kwanza, jambo ambalo huwapa wote muda lakini pia huahirisha maumivu. Wiki kwa wiki, kwa mwendo wa saa sita, isahau. Au uhame wewe. Najua utasema kazi. Ila umeniandikia kwamba uliwahi kubadilisha kazi makusudi kwa ajili yao, nami nimeona nisiliruke. Si lazima, na kumfuata mtalaka wako mji mwingine kuna uchungu wake na madeni yake. Ningetaka tu uwe umelitazama kabla hujalikataa.

Umesema baba wa likizo hajui namba ya kiatu. Kweli wako wa hivyo, na wako wanaolala chumba cha pili na hawaijui. Lakini angalia maisha yako mwenyewe. Binti aliyelelewa miaka 7 na baba wa kila baada ya wiki mbili ndiye huyo aliyeweka penseli chini. Umbali ule haukumnyang'anya wewe. Labda kwa sababu ulirudi, labda kwa sababu mama yake hakukusema vibaya ulipokuwa njiani. Hilo la pili unalijua wewe. Leo mmebadilishana viti, yeye ndiye anayeingia saa mbili usiku, na kuna mtu anaandika.

Binti ana jambo anasubiri, hata kama haliulizi. Anasubiri kuondolewa zamu. Ikiwezekana muwe wote wawili, isipowezekana uwe peke yako, anaweza kusikia kitu kama hiki: "Uliniambia utakaa nami, nilifurahi. Lakini kuamua ni kazi yangu na mama, si yako. Na mtu yeyote uliyemwambia lolote, hujakosea." Umwambie kwamba unajua la mama yake? Nasita. Kuna watoto hupumua siri ikitoka, na kuna ambao wangetamani sakafu ipasuke. Wewe unamjua uso wake. Mdogo atahitaji maneno machache zaidi, na mara nyingi zaidi, kwa sababu watoto wa umri wake huamini wamesababisha: nilikataa kula, baba akahamia kwenye kochi. Mwambie si yeye. Atauliza tena kesho, umjibu tena.

Kisha kuna inhela. Watoto wakae kwako au kwake, kila nyumba itahitaji yake pamoja na kikopo chake, na usiku wa kubanwa kifua kuna siku utamkuta kwa mama yake. Usingoje msuluhishi kwa hilo. Jioni moja wiki hii akirudi, hata kama ni saa mbili usiku, mwonyeshe namna unavyokishika, mtoto mwenyewe akiwapo.

Niandikie tena mkishakaa.

Mshauri wako